Kabla ya Kuvua Viatu

Hapa mjini Timmins uwanja wetu wa kuteleza kwenye barafu una sheria ambayo haijaandikwa popote: ukimwangusha mwenzako, mnarudia kubebana palepale kabla ya kuvua viatu. Wanasema hofu ukilala nayo usiku mmoja, imeshahamia. Mimi naendesha mashine ya kulainisha barafu, mwaka wa kumi na tisa huu, na sheria hiyo sijawahi kuipenda.

Alhamisi, kwenye mazoezi ya dansi ya wawili, Wendell alimwangusha mwenzake Maëlle kutoka juu ya kichwa chake. Jumamosi ndiyo mashindano ya kufuzu, na mwakani umri unamtoa Maëlle kwenye kundi la vijana. Ilikuwa safari hii au basi. Binti akabaki ameketi kwenye barafu, suruali imelowa.

"Nibebwe na huyu tena? Thubutu!"

"Mkono umeteleza tu," Wendell akasema.

"Kambebe mama yako basi."

Kocha Lorraine, ambaye enzi zake alikuwa wa tatu nchini pamoja na Garnet Sirois aliyekuwa akimbeba, hakumgombeza mtu. Alikaza kamba za viatu vyake, akaingia uwanjani.

"Nibebe mimi."

"Kocha, una miaka arobaini na nane!"

"Nimekuambia unibebe, sijakuomba unihesabie."

Nikazima mashine. Wendell akamnyanyua, wakazunguka nusu uwanja, mama yule juu kabisa, mgongo umenyooka, mikono wazi. Nilifurahi, mimi nisiyeipenda sheria ile, mpaka nikajionea aibu. Maëlle naye akasimama, akajipangusa.

"Haya, nimeona. Zamu yangu."

Lorraine akashushwa. "Hapana. Jumamosi hamchezi."

"Kocha! Si niko tayari?"

"Wewe uko tayari. Bega lake haliko tayari." Akamgeukia Wendell. "Tangu lini?"

Kijana akatazama viatu vyake. "Tangu Krismasi."

"Linatetemeka kabla ya kuachia. Anayebebwa hawezi kukosa kulisikia." Akamtazama Maëlle. "Wewe umelisikia siku ngapi?"

Maëlle akaanza kulia.

"Sikulaumu," Lorraine akasema. "La Garnet nililisikia miezi mitatu."

"Ukafanyaje?" Wendell akauliza.

"Nikanyamaza, tukachukua medali."

Garnet anakaa mtaa wa pili kutoka kwangu. Hadi leo huvishwa koti na mkewe.