Somo ya Kaini kwa Misa ya Papa Hubert

Sokoni banasema Télesphore aliua ndugu yake Hubert juu ya kutaka duka yake. Mimi najua Hubert alikufa na tension, presha ya damu, kule Ubundu. Mbele asafiri kwenda kule nilimuona, miguu yake imevimba. Lakini ile maneno ya soko ilikataa kutoka kichwani yangu. Nikitwanga pondu, majani ya muhogo, iko mule. Nikisali, iko mule. Hata binti yangu Priscille sikumwambia.

Na Priscille ndiye anapanga masomo na nyimbo kwa parokia yetu, Makiso. Anafungua kalendari ya liturujia, anaandika karatasi, anapelekea korali. Misa ya siku makumi ine ya kufa kwa Hubert ilianguka lundi, siku ya jumatatu, na lundi ile kalendari ilitoa Kaini na Abeli. Akaandika tu. Kwetu, familia ya marehemu ndiyo inatoa musomaji. Bakatoa Télesphore; somo alipewa asubuhi ile ile.

Karatasi niliiona kanisani, saa ya kuanza.

— Priscille, badilisha hii somo!

— Mama, kalendari ndiyo imesema. Ao unataka kuwa padri sasa?

— Mwanangu, batu banasema...

— Kengele imelia, Mama. Kaa.

Télesphore akapanda. Akasoma mupaka pale Mungu anauliza Kaini ndugu yake iko wapi. Sauti ikakatika. Batu bakaanza kutazamana. Korali ikafikiri amemaliza, ikaanza zaburi. Akashuka, akatoka.

Nje alingojea binti yangu.

— Nani alikutuma?

— Hakuna mutu, papa. Ni somo ya leo.

— Ya leo! Mbele ya mama yangu muzazi! Utaieleza polisi.

Kesho yake, mardi, convocation ikafika, karatasi ya polisi ya kuita mutu, jina ya Priscille juu. Mutoto hakula. Mimi nikapanda toleka, baiskeli ya kubeba batu, mupaka dukani kwa Télesphore.

— Papa, mutoto hakujua kitu. Mimi nilijua ile maneno, nikanyamaza.

— Donc ulisikia kama mimi ni muuaji, na ulikuwa unanisalimia kila siku?

Nikamuomba musamaha.

— Bon. Nitaondoa mashtaka. Lakini binti yako asipange masomo tena.

Priscille hapangi tena. Tukiwa nyumbani, hanisemeshi, juu nilimuficha maneno ya soko.

Bamama benye batoto yenu banapanga masomo, muepuke hivi:

— Kuficha maneno ya soko kwa mwenye anapanga.

— Kutwaa somo ya kalendari kwa misa ya marehemu bila kuuliza familia.

— Kumupa musomaji somo asubuhi ya misa.

— Korali kuanza mbele ya musomaji kumaliza.

— Kusalimia mutu na kuamini kidogo vile banamusema.