Matone Yasiyoachana

Dada yangu alipoanza kuangusha vikombe, tulimcheka. Mwaka uliofuata hakuweza kushika kijiko, na kicheko kikatuishia.

Kazi yangu ni kuigiza seli kwenye kompyuta. Ndani ya seli, protini hujikusanya zenyewe, bila kuamrishwa na mtu, zikawa matone laini. Shughuli ikiisha, hutawanyika. Za dada hazitawanyiki. Zinaganda, na mishipa ya fahamu ya mikono inakufa. Nilitaka kujua zinaanzia wapi kuganda, maana dawa ingeanzia hapohapo. Nikatengeneza mifano miwili: mmoja wa protini yake, mwingine wa mtu mwenye afya, wa kulinganishia. Kwa huyo mwenye afya nilijitolea mwenyewe. Damu yangu ilikuwa karibu, na kiburi changu kilikuwa karibu zaidi.

Jumatatu matone yake yaliganda, kama nilivyotarajia. Jumanne yakaganda yangu.

“Programu ina hitilafu,” nikamwambia mkuu wangu.

“Mtu anayekuja kazini na ndara,” akanitania, “programu yake nayo itaburuta miguu.”

Nikabadilisha joto. Nikabadilisha chumvi. Nikaanza upya mara ishirini. Kila mara matone yangu yalielea, yakakutana, kisha yakatulia yote kwa pamoja, kama watu wanaonyamaza ghafla unapoingia chumbani. Nilianza kuogopa kukitazama kioo cha kompyuta.

Mkuu akatoa damu yake tuijaribu. Majibu yalipokuja, matone yake yalikusanyika, yakatawanyika, yakakusanyika tena, asubuhi nzima. Hakunitania. Aliinuka akaenda kufungua dirisha, na hapakuwa na joto.

Mchana ule nilikwenda kwa dada na uongo wangu mkononi. Alikuwa amekaa sebuleni, mikono mapajani.

“Mdogo wangu, umeona tunapotofautiana?”

“Bado, dada. Programu inanisumbua.”

Alikuwa anatazama miguu yangu.

“Viatu vyako vya kamba umeviacha lini?”

Nilivipenda mno viatu vile. Sikukumbuka siku niliyoviacha, wala sababu ya blauzi zangu zote sasa kuwa za kupitishia kichwani, zisizo na kifungo hata kimoja.

“Naogopa, dada,” nikasema.

“Najua. Kaa hapa,” akasema. “Hata mimi nilianza na viatu. Vikombe vilikuja baadaye.”