Kituo cha Tano

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Kopi hakupita njia ya nyuma ya mashine ya kusaga unga. Akiwa na safari ya upande ule alizunguka, jua la utosi lisimhusu, viatu vikimbana avivumilie. Si kwamba aliuchukia mtaa. Alizunguka kwa sababu alikuwa amekula kiapo, na Bi Cherehani hakuwa mtu wa kuapiwa kwa mchezo.

Huyo Bi Cherehani lazima nimweleze kwanza, maana bila yeye sina la kusimulia. Alikuwa fundi nguo, mjane, mnene, sauti nzito ya kuamsha mtaa. Nyumba yake ilikuwa na geti la bati na kibao kilichoandikwa kwa mkono: MAFUNZO YA USHONAJI. Ukichungulia uani ungeona wanawake sita au saba wameinama, kila mmoja na cherehani yake, futi ya kupimia shingoni. Nusu yao hata kutunga uzi hawakujua. Walikuwa wake za watu waliokimbia kipigo, wengine wamefika na jino lao mkononi. Mume akija kufoka getini, Bi Cherehani alitoka na mkasi wake akamjibu taratibu, "Hapa tunafundisha ushonaji tu, baba." Na kila aliyelala chini ya paa lile alifundishwa kujibu hivyo hivyo, neno kwa neno, hata anayeuliza awe askari, hata awe mama yake mzazi.

Mama Kopi alikaa pale wiki saba. Aliingia na mbavu mbili zimevunjika, akatoka anajua kukata suruali. Siku ya kuondoka Bi Cherehani alimshika bega akamwambia, "Ukitoka umetoka. Usirudi kunisalimia, usiniletee hata sukari. Tukikutana sokoni, hunijui, sikujui." Mama Kopi akaapa, na shukrani zote zikabaki kifuani. Bi Cherehani alipofariki, miaka mitano iliyopita, ratiba ya mazishi yake ilichapwa dukani kwa Mama Kopi. Aliipanga mwenyewe, akaisafisha picha vizuri, akachagua karatasi nzuri kuliko iliyoagizwa. Mazikoni hakwenda. Alifunga mlango wa duka akalia hadi jicho moja likavimba, kesho yake akawaambia wateja ni mdudu.

Duka lenyewe, la kuchapa na kutoa kopi, lilitazamana na hospitali kuu, basi wateja wake walikuwa wa namna mbili: wa vyeti vya kuzaliwa na wa ratiba za mazishi. Siku moja akaingia mteja wa namna ya tatu. Alikuwa Mwalimu, mwanamke aliyefundisha historia miaka thelathini na minne, na mpaka leo anaongea kama darasa la nyuma halijamsikia. Pamoja naye alikuwa Mkunga, aliyestaafu wodi ya wazazi na nusu ya mji amewapokea kwa mikono yake.

"Mji huu," alisema Mwalimu, "kila barabara ina jina la mwanamume. Hata mtaro wa maji machafu umepewa jina la diwani! Wanawake tumepita wapi, hewani?"

"Na huo mtaro ndio uliomfaa," alisema Mkunga.

Walitaka kufanya matembezi. Watu wakusanyike Jumamosi asubuhi, watembee vituo vinane, na kila kituo kielezwe mwanamke aliyefanya jambo pale na akasahauliwa. Geti la hospitali, ambapo wauguzi waligoma siku kumi na moja. Soko, mahakama, shule ya wasichana. Masharti yalikuwa mawili tu. Kituo kielezwe na mtu aliyeyaona mambo kwa macho yake, na wenye mahali pale waombwe ruhusa. Mama Kopi wakamtaka achape ramani. Akawachapia, na kikombe baada ya kikombe cha chai akawa mmoja wao. Walizunguka mji wakipima hatua kwa saa ya Mkunga, wakibishana kwa furaha wapi pana kivuli cha kuwatosha watu sitini.

Kituo cha tano kilikuwa bado wazi. Walikaa nyuma ya duka, kati ya maboksi ya karatasi, Mwalimu akikuna kichwa. Mama Kopi akajikuta anasema. Alisema yote: mbavu, wiki saba, mkasi, jibu la getini. Hakuwahi kumwambia mtu, hata binti yake. Alipomaliza Mkunga alikuwa analia bila kujifuta.

"Hiki si kituo," alisema Mwalimu. "Haya ndiyo matembezi yenyewe. Mama Kopi, mficha uchi hazai. Ukisimama pale ukasema, wangapi watapona?"

Kwa kuwa Mama Kopi alikuwa haruhusiwi kurudi kwenye geti lile, Mkunga ndiye aliyekwenda kuomba ruhusa kwa mpwa wa Bi Cherehani, aliyerithi nyumba. Akarudi amenuna.

"Hata kiti sikupewa. Nimemweleza kila kitu, ananitazama tu. Mwisho kasema, 'Hapa tunafundisha ushonaji tu, mama,' kanifungia geti usoni."

Mama Kopi alikuwa anakata karatasi. Kisu cha mashine kikabaki juu.

"Basi kumbe ile kazi ilikufa na bibi," Mwalimu alisema. "Wamebaki na cherehani. Barabara ni ya umma, tutasimama nje, hatumgusi mtu. Au unasemaje?"

Sasa hapo ndipo ninapomkasirikia Mama Kopi, ingawa nampenda. Kati ya wale watatu ni yeye tu aliyeyajua maneno yale. Yalimchoma, akayatambua. Kisha akajiambia kwamba mpwa mtu ameyarithi tu, kama alivyorithi vile viti na kile kibao. Angeweza kwenda kugonga akauliza, dakika kumi zingetosha. Lakini aliapa asirudi! Lo, binadamu sisi! Kiapo ambacho alikuwa tayari kukivunja mbele ya umati, na kipaza sauti juu yake, hakuwa tayari kukivunja peke yake kwa kugonga mlango. Alitaka kumshukuru yule bibi. Alitaka sana, na mtu akitaka jambo kiasi kile masikio yake huchagua la kusikia.

"Sawa," alisema, akashusha kisu.

Akachapa ramani mia nne. Kwenye namba tano aliandika mwenyewe: *Nyumba iliyowaficha wake waliokimbia waume zao.* Zikabandikwa sokoni, stendi, kwenye kuta za hospitali. Wote watatu walidhani tangazo lile linawaita wanawake.

Jumamosi watu walikuja kuliko walivyotarajia. Wanawake wengi, wanafunzi, na wanaume kama kumi hivi. Mmoja wao, mwenye kofia ya buluu na shati lililopigwa pasi, alikuwa wa msaada kweli kweli. Mkunga alipolemewa na mkoba, akampokea. Betri za kipaza sauti zilipochoka, alikimbia dukani akaleta nyingine. Kutoka kituo cha pili yeye ndiye aliyekibeba. "Angalia," Mwalimu alimnong'oneza Mama Kopi, "wapo wanaume wenye akili."

Wakafika nyuma ya mashine ya unga. Geti lilikuwa lile lile, bati limepakwa rangi upya. Kibao kilikuwepo. Kofia ya buluu akainua kipaza sauti akakijaribu, mdomo umeelekea getini. "Moja, mbili. Moja, mbili. Mnanisikia?" Watu wakaitikia kwamba wanasikia. Akampa Mama Kopi kwa mikono miwili, kwa heshima.

Akasema. Wote waliokuwepo wanakubali kwamba alisema vizuri. Alieleza jinsi walivyokaa uani na futi shingoni, jinsi waume walivyodanganywa, jibu lenyewe akalitaja. Alipofika pale pa "Leo nasema asante, bibi yangu," watu wakapiga makofi mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Ndani ya ua kitu cha chuma kilianguka. Hakuna aliyejali. Mwalimu akawaongoza watu kwenda kituo cha sita.

Mama Kopi alibaki nyuma kidogo, anajipangusa. Mlango mdogo wa geti ukafunguliwa. Mpwa wa Bi Cherehani alikuwa mwanamke wa miaka kama arobaini, mwembamba, uso umemparara.

"Yule wa kofia ya buluu," alisema, "ni nani wenu?"

"Si wetu, ni mgeni tu. Mtu mzuri, ametusaidia..."

"Ni mume wa mtu. Nilikuwa na wanne ndani, sasa wapo watatu. Mkewe amesikia sauti yake kwenye hilo lidude lenu, ameruka ukuta wa nyuma. Mjamzito, miezi saba. Kaacha viatu."

Mama Kopi aligeuka kuutafuta umati; ulikuwa umeshaondoka.

"Nilimwambia yule mzee wenu. Nilimwambia kama tulivyofundishwa. Hakukuwa na hata mmoja kwenu wa kuelewa?"

"Nilielewa," alisema Mama Kopi.

Mpwa mtu alivuta geti nyuma yake. Hakutukana. "Basi twende tukamtafute," alisema.

Walitafuta stendi, walitafuta kanisani na msikitini, kwenye vibanda vya sokoni, kwenye benchi za hospitali. Mama Kopi hakumjua hata kwa sura. Kila mwanamke mwenye tumbo alimkimbilia akamtisha. Kwa mama yake mzazi hawakwenda, kwa sababu hakuna aliyepajua. Nyumba ile haiulizi mtu ametoka wapi. Mumewe alipajua. Alimaliza vituo vyote vinane, akampa Mwalimu mkono, akamshukuru kwa elimu. Kisha akapanda gari kwenda ukweni.

Jumapili asubuhi mpwa mtu alikuja hadi mlangoni kwa Mama Kopi. Alikataa kuingia. Alimpa habari akiwa amesimama: wamekufa wote wawili, yule mjamzito na mtoto wa tumboni, mwanamume yuko mahabusu, anadai alitaka mazungumzo tu. Wale watatu amewahamisha. Nyumba imekwisha kazi yake. Akaondoka, na Mama Kopi akamtazama mgongo mpaka alipokata kona.

Jumatatu alifungua duka. Kwa nini alifungua, hata mwenyewe hajui; mikono ilishika funguo. Mwalimu alikuwa amempigia simu mara sita, hakupokea. Kabla ya saa tatu akaingia mama mmoja mtu mzima na kijana aliyemshika mkono. Walikuwa wametokea hospitali, ng'ambo ya barabara.

"Mwanangu, naomba unitengenezee ratiba," alisema yule mama. Akamwambia kijana asubiri nje, kisha akaweka picha na karatasi ya hospitali mezani.

Msichana alikuwa anacheka, amefumba jicho moja kwa jua. Mama Kopi alisoma tarehe kwenye karatasi ya hospitali. Kiti chake kikawa hakikaliki.

"Wasifu atasoma kaka yake, huyo hapo nje, andika jina lake. Haya, nikutajie. Mtoto wangu wa tatu. Alipenda hesabu. Alikuwa mtani, hata mimi alinitania." Alitaja shule, mwaka wa ndoa, kazi. Mama Kopi aliandika, vidole vikikosea herufi. "Hapo kwenye kifo, watu huandikaje?"

"Wengine huandika baada ya kuugua. Wengine, ghafla."

"Ghafla?" Mama alitikisa kichwa. "Miaka minne ile ya kipigo si ghafla." Kisha akaanza kuongea kama mtu anayejiuliza mwenyewe. "Miezi miwili sikujua yuko wapi. Alinipigia mara moja tu, akasema, mama niko salama, usiniulize. Sikuuliza. Yule mwanamume alikuja kwangu mara tatu, nikamwapia sijui, na kweli sikujua. Hapo ndipo nilipokuwa namlinda. Jumamosi namwona anaingia, peku, miguu inatoka damu. Nikamchemshia maji ya kuoga. Hata hayajachemka." Aliinua macho. "Binti yangu alikuwa mahali salama. Nani alimtoa huko? Nikilijua hilo nitalala."

Angeweza kusema hajui. Mwanamke yule hakuwa na njia ya kujua, na nje kulikuwa na wateja wawili tayari. Mama Kopi alitoa mikono kwenye kibodi.

"Ni mimi, mama."

Akamweleza, kuanzia kiapo. Hakuacha hata pale kisu kilipobaki juu. Yule mama hakumkatiza. Chozi halikumtoka. Alipoambiwa habari ya kipaza sauti alishika ukingo wa meza, akaendelea kuushika.

"Aliyasikia hayo makofi?" aliuliza mwishowe.

"Sijui, mama. Labda alikuwa ameshafika barabarani."

"Labda." Aliivuta picha kwake, akaitazama, akairudisha mezani. "Tunazika leo saa nane. Futa jina la kaka yake hapo. Weka lako. Wasifu utausoma wewe, na ukifika pa kifo utawaambia ndugu zake kama ulivyoniambia mimi."

"Mama, wataniua."

"Watakusikiliza. Mimi nitakuwa nimesimama karibu yako. Mwanangu hakuwa na mtu wa kusimama karibu yake."

Mama Kopi alifuta jina la kaka mtu akaandika lake, lile la kwenye cheti, ambalo mtaa mzima hakuna aliyelijua. Akauliza ni nakala ngapi. Yule mama alisema mia moja, na akakaa kwenye benchi kusubiri zitoke.