Unga wa Gunia Moja

Kituo chetu cha polisi, upande wa Kowloon katika koloni la Wazungu karibu na Canton, kilikuwa na majiko matano, na anayeshangaa hajawahi kulisha askari. Wazungu walibeba herufi A mbele ya namba zao na walikuwa na mpishi wao wa nyama. Masingasinga na Waislamu wa Punjab wote walikuwa B, lakini thubutu uwape sufuria moja. C walikuwa Wakantoni wenzangu, watu wa wali. D walikuwa Washandong, walioletwa kwa meli kutoka kaskazini kwa sababu serikali haikutuamini sisi wenyeji.

Mimi, Lau Man-hin, nilikuwa karani mkalimani. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha watu wote hawa wanaelewana angalau kiasi cha kutoshikana mashati.

Washandong niliwachukia, nasema wazi. Mwaka wa mgomo mkuu wa kuipinga serikali ya Wazungu, kaka yangu Kam-wing, askari namba C 214, alivua mkanda wake, akauweka mezani kwa inspekta, akapanda meli ya Canton pamoja na wenzake. Alijua hatarudishwa kazini. Kitanda chake kambini akaja kukilalia Mshandong mmoja aitwaye Cong Shutang.

Sasa kazi ya Cong ilikuwa inaning'inia kwenye uzi. Mshandong alipewa miaka mitatu ajifunze Kikantoni, maana lugha ya kwao hapa ilikuwa haimsaidii hata kununua kiberiti. Akishindwa mtihani mara tatu, anarudishwa. Cong alikuwa ameshindwa mara mbili. Mtihani wa mwisho ulipangwa Alhamisi, na meli ya kaskazini ilikuwa inaondoka Jumamosi. Huko kwao mvua ilikuwa imekataa mwaka wa pili, na mama yake, mke wake na watoto wawili walikuwa wanaishi kwa mshahara wake. Maksi nilitoa mimi. Inspekta Tulloch alitia sahihi tu, kwa kuwa Kikantoni chake kilitosha kuagizia chai.

Nilimfundisha, msiseme sikumfundisha. Nilimpa kitabu chenye maneno ya adabu: "Bibi mheshimiwa, tafadhali eleza malalamiko yako." Cong akakisinzilia.

Wiki moja kabla ya mtihani nilipita nje ya jiko la Masingasinga, nikamkuta amechuchumaa na chapati mkononi. Pembeni yake alikuwa Sajini Jiwand Singh, mwenye miaka kumi na saba ya doria kwenye soko la samaki.

"Karani, mbona unatukodolea macho?" Jiwand Singh aliniuliza. "Wali unamkaba huyu mwanangu. Anataka ngano, kama mimi."

Kumbe watu wa jiko la Masingasinga na wa jiko la D walikuwa wanachota unga kwenye gunia moja, na hapo kwenye gunia ndipo walipojuana. Wakitaka kuongea walikuwa na lugha moja tu ya kushirikiana, nayo ni yangu. Kikantoni cha Jiwand Singh kilitoka kwa wauza samaki, na kile cha Cong kilitoka kwa Jiwand Singh.

"Sajini, unamharibu!" nilimaka. "Hicho ni Kikantoni cha kutukaniana bei!"

"Kwani wezi wa hapa wanaibia ndani ya kitabu chako?"

Cong akacheka mpaka chapati ikampalia. Niliondoka nimenuna.

Alhamisi saa nne asubuhi tuliketi chumba cha mbele. Sehemu ya kwanza ilikuwa salamu rasmi kwa ofisa. Cong alisimama wima, akapiga saluti, akamwambia Inspekta Tulloch, "Haya, mzee, umeamkaje? Sogea basi tufanye kazi."

Inspekta, ambaye hakuelewa neno, akaitikia kwa kichwa kwa heshima. Mimi nikaandika sifuri.

Sehemu ya pili ilikuwa kumhoji shahidi wa kweli. Kaunta kulikuwa na bibi muuza samaki, Bibi Kwai, aliyeibiwa mizani. Asubuhi ile mimi mwenyewe nilikuwa nimemhoji kwa lugha safi ya shule, na yeye akaangalia viatu vyangu tu: "Sijui, bwana. Sikuona, bwana."

Cong hakukaa kwenye kiti. Alichuchumaa mbele yake.

"Ee mama! Nani huyo kakuchezea? Mizani ya watu inatoka hivihivi, ina miguu?"

Bibi Kwai akamtazama, halafu akapasuka kwa kicheko. "We! Hayo si maneno ya yule baba wa kilemba? Wewe ni mtoto wake?"

"Ndiye aliyenilea. Sema basi, mama, ni nani?"

Basi yakamwagika. Alitaja jina la mwizi, kibanda chake, na mtu aliyeuziwa mizani. Cong alirudia yote, neno kwa neno, na lafudhi yake ilikuwa ya Punjab kabisa.

"Wanasema nini?" Inspekta aliniuliza. "Mbona bibi anacheka? Anamdhihaki?"

Neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika ulimini. Lingetosha. Jumamosi angepanda meli, na kitanda cha Kam-wing kingebaki kitupu. Bibi Kwai alikuwa amemshika Cong mkono, akimweleza mizani ile ilivyokuwa ya marehemu mumewe. Mimi hakuniambia.

"Hapana, bwana," nilisema. "Anamwamini."

Nikafuta sifuri, nikaandika amefaulu.

Mchana Jiwand Singh alinivuta kwa nguvu hadi jikoni kwake. Miaka kumi na moja kituoni, sikuwahi kukaa pale. Cong alinipa chapati kwa mikono miwili, na uso wake ulijaa shukrani kiasi cha kunikasirisha.

"Usinishukuru," nilimwambia. "Kitanda chako kilikuwa cha kaka yangu. Aligoma, akaondoka. Mkaletwa nyinyi."

Cong alikaa akitafuta maneno, na maneno aliyokuwa nayo yalikuwa yale ya sokoni tu.

"Kaka yako," alisema taratibu, "huko aliko, anakula?"

Kam-wing alikuwa amenitumia barua mbili, na zote nilizichoma, nisije nikakutwa nazo nikapoteza kazi. Siku ile ya mgomo aliponiita nje tuondoke pamoja, nilijifanya naandika. Miaka mitatu nimewachukia Washandong kwa sababu ya kitanda ambacho kaka yangu alikiacha, ilhali kiti changu cha ukarani mimi niliendelea kukikalia.

"Sijui," nilisema, na aibu ilinishika hadharani, mbele ya watu wawili wasiokuwa wa kwetu.

Jiwand Singh alinisogezea chapati ya pili. Nilikula, kisha nikarudi mezani, nikachukua karatasi. Maneno yangu yote ya adabu yalikataa kuja, kwa hiyo niliandika jina la kaka yangu, na chini yake swali la Cong.