Mshukiwa wa Mwezi

Karani wa mtaa alikuwa ametuma fomu mbili tupu mfululizo, na ofisi ya usalama ilikuwa imemchoka. Wilayani kwao ugaidi ulipigwa vita kwa fomu: kila mtaa, kila mwezi, mtu mmoja wa kutiliwa shaka. Kuandika "hakuna" kulihesabiwa uzembe.

"Ya tatu ikija tupu, kazi huna," Afande wa ofisi hiyo alimwambia kwenye simu.

"Lakini Afande, mtaa wangu shwari. Mwezi mzima kesi ni moja tu, mbuzi kala nguo za watu kwenye kamba."

"Magaidi nao wanapenda penye shwari. Tafuta!"

Akatafuta. Fundi viatu? Hana hatia, tena viatu vya karani viko kwake. Muuza mkaa? Huyo ana kaka saba, na wote wamejaa vifua. Siku ya mwisho, jasho likimtoka, macho yake yakamwangukia mama mkwe, aliyekuja kuwatembelea wiki moja na sasa ana mwezi wa tatu. Mgeni. Amekuja na mizigo mizito, hataki mtu aiguse. Anawahoji majirani nani anaishi na nani na anakula wapi. Karani akaandika yote hayo, na Mungu ni shahidi, hakutia uongo hata neno moja. Alijua fomu zile hazisomwi na mtu.

Hii ikasomwa.

Asubuhi askari sita wakavamia na bunduki, wakapindua magodoro, wakapekua mizigo. Wakakuta sufuria na vitambaa vya kushona.

"Nani kanitaja?" mama mkwe akauliza.

"Hiyo siri ya serikali, mama," Afande akajibu. Lakini siri yenyewe ameishika mkononi, wazi kabisa, na mke wa karani aliujua mwandiko wa mumewe tangu enzi za barua za uchumba.

"Baba watoto," akasema taratibu, na utaratibu huo ndio uliomtisha karani, "mama yangu gaidi?"

"Si gaidi, mke wangu. Wa kutiliwa shaka tu."

Afadhali angenyamaza. Kabla ya adhuhuri mama, binti na watoto wawili walikuwa wameshaondoka.

Wiki iliyofuata ikaja barua yenye mhuri. Pongezi! Tishio limeondoka mtaani, mkakati umefaulu kwa asilimia mia moja, na karani abaki kazini. Kwa uwezo aliouonyesha, kuanzia sasa atume washukiwa wawili.

Aliisoma peke yake sebuleni, nyumba imepoa, hakuna hata wa kumgombeza. Akalia, akalia hasa, mtu mzima na cheo chake. Kisha akavuta fomu. Nafasi ya kwanza akaandika jina lake. Sababu: akibanwa, anamtaja yeyote. Nafasi ya pili akaandika jina la Afande, sababu ileile.

Akaipeleka mwenyewe wilayani, akaiweka mezani pamoja na funguo za ofisi, halafu akashika njia kwenda ukweni kuomba radhi.