Mashine Iliyonyamaza

Msusi alisinzia akiwa ameshika nywele za mteja.

"Dada, mimi ndiye ninayesukwa, wewe ndiye unayelala?"

Saluni nzima ikaangua kicheko. Akacheka nao, ingawa miguu ilikuwa imevimba na mikono mizito.

Figo zake zilikuwa zimekufa. Kila usiku aliunganishwa na mashine iliyojaza maji tumboni kwa mrija, ikayatoa pamoja na uchafu wa mwili, kisha ikajaza mengine. Mrija ukijikunja, mashine ililia mpaka unyooshwe. Mwanzoni yeye na mumewe hawakulala. Baadaye kelele zikaisha, akadhani mwili umezoea. Mumewe, dereva wa basi, akajitolea kumfungua mrija kila alfajiri na kumwaga mifuko ya maji yaliyotumika.

"We pumzika, mama watoto."

Msusi akawatambia wateja: mume nimepata.

Lakini aliamka hoi kuliko alivyolala. Muuguzi alimwongezea maji ya mashine, lakini wapi!

Jumapili mchana wifi yake akaja kumjulia hali. Walikuwa wakimenya viazi.

"Afadhali siku hizi mnalala," wifi alisema. "Kaka alikuwa amekonda. Kaniambia mashine ikilia tu anaizima, mnalala fofofo."

"Anaizima?"

Wifi akaweka kisu chini. "Si mlikubaliana?"

Msusi akaacha kumenya. Kumbe mifuko ile aliyokuwa akimwaga mumewe ilikuwa na maji ambayo hayajamgusa.

Mumewe alipoingia, alimuuliza palepale mlangoni. Hakukana.

"Nikisinzia kwenye usukani nitaua watu."

"Ukaona uniue mimi, taratibu."

"Nilidhani saa chache hazina neno."

"Ungesema! Ningelala hata jikoni. Badala yake ukaniacha nikushukuru. Kila asubuhi, nakushukuru!"

Jioni ileile alihamishia mashine chumbani kwa binti zao. Wifi akaenda naye hospitali, akafundishwa namna ya kuitunza. Uvimbe ukashuka polepole, na siku moja akasuka kichwa kizima bila kutafuta kiti.

Mumewe aliomba radhi, akalia, akaomba tena. "Nimekusamehe," alimwambia, na pengine kweli. Ila akijinyoosha kwenye kitanda chao, hata mchana, hata awe amechoka vipi, akisikia tu hatua za mumewe macho yanamtoka pima.