Mizizi ya Juu Haifukiwi

Hasira ya Damari ilikosa mlango wa kutokea. Aliyemuudhi alikuwa baba mkwe wake, Mzee Saulo, na huyo hakuruhusiwa kumsemesha wala kumtazama usoni. Ndivyo ilivyo desturi ya kwao Ipyana, mumewe, huko Rungwe: mke wa mtoto akisikia baba mkwe anakohoa sebuleni, anazunguka kupitia mlango wa nyuma. Hata jina lake halitaji. Damari ni mzaliwa wa Mlandege, Iringa. Desturi hiyo aliikuta kwenye ndoa, akaipokea kama alivyoipokea baridi ya Mbalizi wanakoishi, kwa kujitanda kanga na kunyamaza.

Sasa mzee kaja kutibiwa macho mjini Mbeya, kafikia nyumbani kwao, na katika kukaa kwake bure akaiona okidi, ua la Damari la kwenye kopo.

Okidi hiyo Damari aliletewa na mama yake, Veneranda, alipojifungua Anjela. Mama aliipakata njia nzima kutoka Iringa, maua meupe yamemfunika kidevu. Maua yalipopukutika, kila mgeni akawa hakimu. Tupa hiyo, imekufa. Mwingine akaomba kopo lake aoteshee vitunguu. Damari aligoma. Mama alimwambia kwenye simu kwamba okidi ikimaliza kuchanua haijafa, inapumzika kama mzazi, na mzazi hatupwi. Basi alikata kikonyo cha maua kilichokauka, akaisogeza dirisha la jua la asubuhi, akawa anaichovya kwenye ndoo ya maji ya mvua na kuiacha ichuruzike. Mizizi iliyoning'inia nje ya kopo aliiacha hivyo hivyo, ipate hewa. Baridi ya Juni ikapiga. Ndipo siku moja, akiwa anambadilisha Anjela nepi, akakiona kikonyo kipya kimechungulia chini ya jani, kijani, kichwa chake mviringo kama kidole gumba cha mtoto ndani ya soksi.

Alilia. Tangu ajifungue, watu walikuwa wanaingia nyumbani kwake kumtajia vilivyoisha: usingizi ndiyo basi, kiuno ndiyo basi, masomo yako ya jioni ndiyo basi. Kikonyo kile kilikuwa cha kwanza kumwambia kwamba kuna kinachoanza.

Lakini Mzee Saulo ni mkulima wa kahawa. Kwake yeye mzizi ulio nje ni aibu, na chipukizi la pembeni ni mwizi. Damari alipokwenda Mlandege wiki moja kumsalimia mama, mzee alitafuta udongo mweusi, akachanganya na samadi ya ng'ombe wa jirani, akaifukia okidi mpaka shingoni na kuushindilia kwa kidole gumba. Kisha akaiweka pembeni ya kiti chake, awe anaikagua. Damari aliporudi, aliiona kupitia upenyo wa pazia. Kuingia kuichukua hakuweza, mzee yuko palepale.

Ipyana aliposimuliwa jikoni, alicheka. Mzee kakusaidia, akasema, shukuru. Na kesho ataliondoa lile chipukizi linalonyonya mti. Damari alimwambia, kwa sauti ya chini, kwamba hicho ndicho alichokilea miezi yote. Ipyana akajibu kwamba sokoni kuna maua ya plastiki mazuri tu, tena hayana nongwa.

Asubuhi Ipyana alikwenda kazini. Kutoka jikoni Damari akasikia mzee akimwuliza mtoto, aliyekuwa akitambaa miguuni pake, kisu kidogo kiko wapi. Kisha akasikia droo ya kabati ikifunguliwa. Akasimama nyuma ya pazia.

"Anjela, mwambie babu yako ua la mama lisiguswe."

Kisha mzee naye akapitia hukohuko kwa mtoto.

"Mwambie mama yako kahawa nimeilima kabla yeye hajazaliwa."

"Mwambie hiyo si kahawa. Mizizi yake inataka hewa, na yeye kaizika hai."

"Mwambie mti wa kula hewa sijauona."

"Na mimi baba mkwe wa kulima sebuleni sijamwona, mwambie."

Anjela aligeuza kichwa huku na huku kwa furaha, maana hajawahi kutumwa maneno mengi hivyo. Ndipo Damari akasikia kisu kikigusa kopo. Akalipita pazia.

Mzee Saulo aligeukia ukuta haraka, kama ilivyompasa. Damari alimpokonya okidi mapajani.

"Baba," alisema, na safari hii hakuwapo mtoto katikati. "Nimepita mlango wa nyuma mvua ikinyesha, mtoto mgongoni. Nitaendelea kupita. Lakini hili hukuniuliza, na humu ndani hakuna aliyeniuliza. Hiki ni kikonyo cha maua. Ukikikata, umenikata mimi."

Hakutoka. Alikaa chini palepale, akamwaga ule udongo kwenye gunia, akaiosha mizizi. Baadhi ilikuwa imeshalainika na kunuka. Aliikata, akapaka unga wa mdalasini kwenye vidonda visioze. Iliyobaki ilikuwa migumu bado. Kikonyo kilikuwa kizima.

Mzee, bado ameuelekea ukuta, akauliza bila kumtaja Anjela, "Sasa kama si udongo, inakaa kwenye nini?"

"Magome ya mti na mkaa. Magome nayatoa kwa seremala, nayachemsha kwanza."

Mzee akakohoa. Akaunyoosha mkono nyuma, uso ukiwa bado ukutani. "Lete basi. Macho hayaoni, vidole vipo."

Damari aliutazama mkono ule. Hasira yake haikuwa imeisha, wala hakuona haja ya kuiharakisha. Alimwekea kiganjani gome moja kubwa, kavu, akamwambia avunje vipande vya saizi ya kidole gumba, asizidishe.

Mzee akaanza kuvunja.